Gongo ya Kunde

Mwaka ule sikuweza kutulia mahali pamoja. Nikikaa kibarazani kwa mama, mtaa wa Mabawa, Tanga, natamani kwenda kazini. Nikifika kazini, natamani kuwa njiani. Nadhani mji mzima ulikuwa hivyo. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sukari na sabuni, ya kula unga wa njano kwa kuwa mwingine haukuwepo, na sasa masharti ya biashara yalikuwa yamelegezwa, maduka yameanza kuonyesha vitu ambavyo tulishasahau hata harufu yake. Kila mtu alikuwa anakwenda Mombasa au anarudi Mombasa. Aliyekaa kitako alionekana kapitwa. Wasichana niliosoma nao waliacha ualimu na ukarani, wakawa wanafungua marobota ya mitumba sokoni, na wakikutana nami njiani waliniuliza kwa huruma, "Wewe bado uko na mizizi yako?"

Bado nilikuwa nayo. Nilikuwa msaidizi wa maabara katika kituo kidogo cha utafiti wa kilimo nje ya mji, kimezungukwa na mkonge pande zote. Kazi yetu ilikuwa kunde. Ukiung'oa mkunde wenye afya taratibu, udongo ukadondoka, utaona kwenye mizizi vinundu vidogo kama shanga. Ndani ya kila kinundu wamo bakteria wanaoishi na mmea: wao huchukua naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza chakula cha mmea, nao mmea huwapa sukari. Kinundu kinachofanya kazi, ukikipasua kwa ukucha, ni chekundu ndani kama nyama mbichi. Lakini kunde za ng'ambo ya mto Pangani zilikuwa na vinundu tele ambavyo ukivipasua ni vyeupe. Kinundu kimeota, bakteria hawamo, na majani juu yamegeuka manjano.

Mkuu wetu tulimwita Daktari, ingawa hakutibu mtu. Alikuwa Mshambaa mrefu kutoka milima ya Lushoto, Mlutheri wa kusali kila Jumapili, aliyesoma Ulaya akarudi na koti moja na maswali mengi. Hakuweza kukaa kitini. Akifikiri alitembea, akitembea aligonga meza kwa kidole.

"Tatizo liko ukutani," alikuwa akisema. "Tazameni ukuta."

Kila seli ya mmea ina ukuta wake. Bakteria hawauruki, huingia kwa kijia chembamba ambacho mmea wenyewe hukijenga kuanzia kwenye kinyweleo cha mzizi, kikapita seli hadi seli mpaka katikati ya kinundu. Kijia hicho nacho kina ukuta, na ukuta una protini ndani yake. Protini zikiwa legevu, kijia husonga mbele. Zikishikana zikawa ngumu, hukwama. Daktari aliamini kwamba katika kunde za ng'ambo protini hizo zinakaza mapema mno, bakteria wakafungiwa njiani. Alikuwa anaamini tu, hajaona. Ili tuone, tulihitaji vinundu vichanga, vilivyoanza kuota, tuvikate vipande vyembamba, tuvitie rangi inayoshika protini, tuvitazame kwa hadubini.

Nilimpenda yule mtu kama mtu anavyompenda mwalimu anayemkimbiza. Kila asubuhi nilifika nikiwa na hofu kwamba ameondoka, maana wenzake walikuwa wanaondoka mmoja mmoja kwenda nchi za kusini ambako mshahara unafika mwisho wa mwezi.

Nyumbani nako palikuwa na lake. Nilikuwa nimeposwa. Mchumba wangu alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa Usagara, kijana mpole, mwenye sauti ya chini, na mambo yalipolegezwa duka lake lilijaa ghafla kama kisima baada ya masika. Alitaka nikae dukani upande wa wanawake. "Utakuwa na kiti chako na feni juu," aliniambia. Si kwamba kiti kilikuwa kibaya. Nilipojaribu kujiona nimekikalia, miguu ilianza kuwasha.

Msimu ule wa masika tulipanda kunde kwenye shamba la majaribio ng'ambo ya mto, na vinundu vilitarajiwa kufika umri unaofaa katikati ya juma. Mpango ulikuwa rahisi. Niende na dereva, nichimbe, nirudi na vinundu ndani ya barafu, niviweke kwenye jokofu la kituo mpaka spiriti tuliyoagiza Dar es Salaam ifike. Spiriti ndiyo ya kuvigandisha seli zibaki zilivyo. Bila hiyo vinundu huwa vyeusi na kuoza kabla hujavikata.

Asubuhi ya safari umeme ulikatika. Si kukatika kwa kawaida. Kitu kilipasuka kule kwenye nguzo kwa mlio wa bunduki, na fundi aliyekuja akatazama juu, akatikisa kichwa, akaondoka. Jokofu likaanza kutoa maji.

Daktari alizunguka meza. "Tukingoja umeme, vinundu vitakomaa. Vikikomaa, kijia hakionekani tena. Tutangoja vuli."

"Na vuli mradi utakuwepo?" nikauliza.

Akafungua kabati, akatoa chupa ya asidi kali ya siki iliyobaki chini, akanipa. "Hii ipo. Tunachokosa ni pombe kali. Pitia zahanati zote njiani, omba spiriti. Ukikosa..." Akasimama, akaona haya, yeye mtu mzima mbele yangu. "Ukikosa, kuna gongo, ile pombe wanayoikeneka kwa siri kwenye kambi za mkonge. Ukiipata iliyo kali sana, inaweza kufaa. Lakini wewe Mwislamu, sikulazimishi. Na ni kosa kisheria, hilo pia ujue."

Nilisema nitatafuta spiriti.

Dereva wetu alikuwa mzee wa Kidigo, mcha Mungu, anayeendesha Land Rover ya kituo kama anayebeba mayai. Tulipita zahanati ya kwanza. Muuguzi akacheka, akasema hata ya kupangusia sindano hawana. Ya pili walitupa masalia ya chini ya chupa, ya kujaza kisoda, kwa wema mtupu. Tukavuka mto kwa kivuko, tukafika shambani jua limeshapanda.

Nilipoking'oa kile kitita cha kwanza cha mikunde nilisahau yote. Vinundu vilikuwa vichanga barabara, vidogo kuliko mbegu za ufuta, vyeupe vikianza kujitenga na mzizi. Kwenye matuta ambayo tulitia udongo uliotoka kituoni, wenye bakteria wengine, vichache vikubwa vilikuwa tayari na wekundu ndani. Kwenye matuta mengine, yenye udongo wa pale pale, hakuna. Niliviosha kwa maji ya ndoo na kuvipanga haraka juu ya kitambaa kibichi, maana nilijua kwamba saa ndiyo hiyo na spiriti sina.

"Mzee," nikamwambia dereva, "kambi ya mkonge iko mbali?"

Alielewa mara moja. Alishika usukani akatazama mbele. "Mwanangu, mimi nitakupeleka. Lakini sishuki, na sigusi. Na mkononi mwangu usiipitishe."

"Sawa, mzee."

"Na Mungu anatuona sote wawili."

"Anaziona na kunde," nikasema. Alinigeukia kwa hasira, kisha akacheka bila kutaka, akatia gari moto.

Kambi ile ilikuwa ya vibarua wa mkonge, watu wa bara waliokuja na babu zao, wengi Wakatoliki. Mwanamke niliyeelekezwa kwake alikuwa mnene, kavaa kitenge kilichopauka, anapepeta mtama mlangoni. Aliniangalia mtandio wangu, akaangalia viatu vyangu vyenye matope, akaweka ungo chini.

"Dada, umepotea njia."

"Sijapotea. Nataka gongo."

"Ya nani?"

"Ya kunde."

Aliangua kicheko mpaka majirani wakachungulia. "Jamani! Nimeuzia wazee, nimeuzia vijana, nimemuuzia mpaka mwenye kukamata. Kunde sijamuuzia." Nikamweleza, kwa haraka na kwa kugugumia, kwamba kuna vidude kwenye mizizi, vinaoza, na pombe kali itavizuia. Alisikiliza kwa upole wa kumsikiliza mgonjwa. Mwishoni akasema, "Mimi hayo sijui. Unataka ya kwanza kutoka, ile inayounguza?" Nikasema ndiyo, akaniletea kidumu. Nilimimina kidogo kwenye kisahani, nikawasha kiberiti, ikashika moto wa buluu usioonekana vizuri juani. Ilikuwa kali. Sikujua kama ilikuwa kali ya kutosha, na sikuwa na namna ya kupima.

Nilichanganya na asidi pale pale nyuma ya gari. Harufu ilinipanda puani mpaka machozi yakatoka. Nikatumbukiza vinundu, vyekundu chupa zake, vyeupe chupa zake, nikafunga. Gongo iliyobaki nikaiacha kwenye kidumu, kwa kuwa kesho yake ningehitaji kubadilisha ile ya kwanza. Niliosha mikono mpaka ngozi ikakunjamana.

Walitukamata upande wa mji wa Pangani, tuliposhuka kwenye kivuko. Mgambo walikuwa wamesimama pale wakikagua magari kwa ajili ya magendo, na mmoja wao akaingiza kichwa dirishani, akanusa.

"Mna nini humu?"

"Vifaa vya kilimo," nikasema.

"Kilimo hakinuki hivi. Shukeni."

Kidumu kilikuwa cha kwanza kuonekana. Watu waliokuwa kivukoni walisogea karibu. Nilisimama kwenye jua kali la mchana, mtandio kichwani, kidumu cha gongo miguuni pangu, na katika kundi lile nikaona uso ninaoujua: jirani yetu wa Mabawa, mke wa fundi makenika, aliyekuwa akitoka matangani. Nilimwamkia. "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Alivuta kanga usoni kana kwamba mimi ndiye niliyevuliwa nguo.

Walitupeleka kwenye kiofisi chao karibu na soko. Mkuu wao alikuwa mwanamume wa makamo, shati limebana, mchovu. Dereva alianza kueleza, nikamkatiza. Nilisema kidumu ni changu, mzee hata kwenye gari hakushuka. Yule mkuu akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza.

"Unajua adhabu yake?"

"Najua ni kosa. Mwageni. Lakini chupa hizi msiziguse."

"Chupa nazo si gongo?"

"Zilikuwa gongo. Sasa ni sumu."

Alichukua moja, akaiinua dirishani. Vinundu vilikuwa vimetulia chini kama punje. "Hizi dawa za nini? Unamfanyia nani?" Mgambo mmoja akarudi nyuma hatua.

"Ni mizizi ya kunde, bwana mkubwa. Si dawa. Tunatazama kwa nini kunde za huku hazizai."

"Kwa gongo."

"Kwa gongo, kwa sababu spiriti hakuna."

Akafungua kizibo, akanusa kwa pua nzima. Asidi ilimpiga. Alikohoa, akapangusa macho, akarudisha kizibo haraka, na wale vijana wakacheka, naye mwenyewe akashindwa kujizuia. Nafikiri kicheko kile ndicho kilichotuokoa. Kidumu kilimwagwa uani, mbele ya watu, na uani pale pakanuka. Chupa alinirudishia. Lakini alitukalisha kwenye benchi mpaka jioni, kwa kusema anasubiri simu ya kituo chetu, na simu haikupatikana. Nilikaa nikihesabu vinundu kwa macho kupitia kioo, nikisimama, nikikaa, mpaka mzee dereva akaniambia kwa upole, "Tulia, mwanangu, utalivunja benchi la watu."

Tulilala kwa shemeji yake dereva, tukaingia Tanga asubuhi. Habari ilikuwa imetangulia. Nilipopita mtaani kwetu watu waliitikia salamu yangu kwa upande. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi. Mama alizaliwa Pemba, akaletwa Tanga akiwa mwali, na marehemu baba alimwacha na charahani na mimi. Hakupaza sauti maisha yake yote. Aliendelea kukuna.

"Wamekuja watu wawili kabla ya chai," akasema. "Wote wanakupa pole. Pole ya nini sijui. Nieleze mimi kwanza, kabla hawajaja wengine."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nilionja. Nikasema sikuonja. Akauliza kama niliosha mikono. Nikasema niliosha. "Basi," akasema, akarudi kwenye nazi yake, lakini mkono ulikuwa unakwenda haraka kuliko desturi.

Mchana walikuja shangazi zake mchumba wangu, wamevaa mabuibui, wamekaa kwenye mkeka bila kuegemea. Waliongea habari za mvua, za bei za mchele, za harusi ya fulani, na kila neno lilikuwa linakwenda kule kule. Mmoja akasema, "Sisi hatusemi kitu. Watu ndio wanasema." Mama aliwapa kahawa na kashata. Walikunywa, hawakugusa kashata.

Jioni alikuja mwenyewe. Tulikaa barazani, mlango wazi, mama akipita pita ndani. Aliongea kwa ile sauti yake ya chini, na sikuona ubaya moyoni mwake, hata leo siuoni.

"Ni jambo dogo," akasema. "Linaweza kwisha leo. Sema kidumu kilikuwa cha dereva. Yeye mtu mzima, hana posa ya kuharibika. Na kazi uiache, wiki hii hii. Watu watasahau."

"Mzee hakukigusa. Alikataa hata kushuka."

"Najua. Nani atakwenda kumuuliza?"

"Mimi nitakutana naye kesho asubuhi. Nitamtazama usoni."

Alikunja mikono. "Kwa hiyo uso wa dereva ni bora kuliko wa mama yangu."

Sikujua kama ndivyo. Nilijua tu kwamba sitamsingizia mzee. Na nilijua jambo jingine, nikalisema kwa kuwa lilikuwa limenikaa kooni muda mrefu: kwamba hata bila gongo nisingeweza kukaa kwenye kile kiti chenye feni. Aliinuka polepole. Alimuaga mama kwa heshima zote. Posa ilirudishwa kabla ya mwezi kwisha, kwa maneno mazuri kutoka pande zote mbili, nami nilijifungia chumbani nikalia, kisha nikashangaa kwamba katikati ya kulia nilikuwa nawaza kama vile vinundu vimebadilishiwa maji yake.

Vilikuwa vimebadilishiwa. Spiriti ya kweli ilifika hatimaye, kidogo, na Daktari alivihamisha mwenyewe. Umeme ulirudi. Tukaanza kukata. Tulitumia nyembe za kunyolea ndevu, mpya, zilizokuja na wafanyabiashara kutoka Mombasa, na kila wembe ulifaa kwa vipande vichache tu kabla haujachoka. Nilikuwa na mkono mzuri wa kukata; Daktari alikuwa na mkono wa kutetemeka, akikata huku akiimba nyimbo za kanisani kwa Kishambaa. Tukavitia rangi, tukaviweka kwenye vioo.

Siku ya kwanza ya kuona, yeye ndiye aliyeinama kwenye hadubini. Kisha akaniachia nafasi, akaanza kuzunguka meza.

Kwenye kinundu chekundu, vijia vilikuwa vyembamba, vimepita seli baada ya seli, rangi hafifu, na mwisho wake seli zimejaa bakteria kama gunia lililoshindiliwa. Kwenye kinundu cheupe, vijia vilikuwa vinene, vimevimba, vimekolea rangi, vimekwama karibu na ngozi ya nje. Kuta zilizovizunguka zilikuwa nene, nzito, nyeusi kwa protini. Baada yake, seli tupu.

"Ukutani," akasema nyuma yangu. Nikageuka, nikaona macho yake yamelowa.

Juma lililofuata nilimchukua mama. Sijui nilitaka nini hasa. Labda nilitaka mtu mmoja wa Mabawa awe ameona kile kilichonigharimu posa. Alivaa buibui lake la safari, akapanda Land Rover, akamwamkia Daktari kama anamwamkia kadhi. Nikamkalisha, nikamwonyesha pa kutazamia. Aliinama muda mrefu.

"Waona, mama?"

"Naona."

"Waona nini?"

"Kope zangu."

Nikarekebisha, akatazama tena, akasema sasa anaona kama mkeka umesukwa na mtu mwenye haraka. Nikamwonyesha ukuta. Akakubali kwa kichwa. Njiani kurudi aliniambia, "Sikuelewa kitu. Lakini yule bwana anakuheshimu. Hilo nimeliona bila mashine."

Daktari aliondoka kabla ya vuli. Alikuwa amepata kazi Botswana. Watoto wake walikuwa wanarudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada. Alinieleza akiwa amesimama mlangoni, hakuingia ndani. Nilimwambia nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa, lakini nilitoka nje nikatembea kati ya mistari ya mkonge mpaka miiba ikanichana miguu. Mwaka uliofuata walikuja watu kutoka makao makuu wakatukusanya chini ya paa la stoo na kutuambia kwamba kituo kinapunguza wafanyakazi. Mzee dereva alipunguzwa. Mimi nilipunguzwa. Hadubini ilifungiwa kabatini.

Vile vioo nilikuwa navyo. Daktari alinikabidhi kabla hajaondoka, vikiwa vimefungwa kwenye pamba, naye akanipa jina la mwalimu mmoja wa chuo cha kilimo Morogoro. Nilipanda basi bila kujua kama nitapokewa. Yule mwalimu, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, alivitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Hivi umevigandisha kwa kitu gani?" akauliza.

Nikamwambia ukweli. Hakucheka.

"Pombe ilikuwa na maji mengi," akasema. "Seli zimesinyaa. Ukuta uliosinyaa unaonekana mnene kuliko ulivyo. Huu unene wako siuamini."

Niliwaza lile benchi, mkeka wa shangazi wale, mlango wa baraza ulio wazi. "Basi vyote ni bure?"

"Sijasema bure. Hivi vyekundu vimepata pombe hiyo hiyo, na vyenyewe havikukolea rangi. Kuna kitu. Lakini lazima urudie, safari hii kwa spiriti safi." Akavua miwani. "Una nafasi ya kusoma mwaka huu? Maana mimi nina nafasi ya mtu mmoja."

Nilirudia. Nilirudi ng'ambo ya Pangani kwa basi na kivuko, nikapanda, nikachimba, nikagandisha kwa spiriti ya chupa iliyofungwa lakiri. Kuta za vinundu vyeupe zilikuwa nene kidogo tu kuliko za vyekundu, si kama tulivyoona mwanzo. Lakini protini ndani ya vijia ilikuwepo, imejaa, imekaza, kila mara, kila tuta. Daktari alikuwa sahihi nusu.

Nilipata fursa ya kumwambia miaka kadhaa baadaye, kwenye stendi ya Korogwe. Alikuwa amekuja likizo anapanda kwenda Lushoto; mimi nilikuwa nashuka Tanga kumwona mama. Alikuwa amenenepa, kavaa koti jipya. Tulishikana mikono tukacheka kabla ya kuamkiana. Nikamweleza yote, nikimfuata huku na huko, maana alikuwa ameanza kutembea.

"Kwa hiyo nilikosea."

"Kwenye unene ulikosea. Kwenye protini hukukosea."

"Na kwa nini zinakaza mapema? Ni mmea, au ni hao bakteria wa pale?"

"Sijui."

"Umejaribu kubadilisha? Kunde za huku kwenye udongo wa kule?"

"Bado."

Basi langu likapiga honi. Nilipanda, nikakaa dirishani, naye akaja mpaka chini ya dirisha, bado anauliza, mkono wake unagonga bati la basi kwa kidole. Aliuliza habari za udongo, za chumvi, za umri wa mmea. Basi liliondoka akiwa katikati ya sentensi, akalifuata hatua chache kati ya wauza machungwa, mdomo unasogea, na mimi nilikuwa nimetoa kichwa nje nikimpigia kelele kwamba sisikii, aanze tena mwanzo.